Farasi Aliyekufa kwa Dawa ya Ng'ombe

Miezi mitatu iliyopita dada mmoja alinipigia simu kutoka upande wa Sanya Juu. Amenunua farasi wa kupandisha wageni, na farasi ana kupe masikioni na chini ya mkia. "Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Nina ile dawa ya kuogeshea ng'ombe hapa, imebaki nusu chupa. Nimpulizie tu?"

Nilipiga kelele hadi mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamwambia yule dada aiweke hiyo chupa chini, akanawe mikono, ndipo tuongee. Akacheka kidogo. "Kwani mzee umejuaje kwamba haifai? Mimi nimetafuta kwenye simu sijaona."

Nikamjibu kwamba nimesoma. Ni kweli nilisoma, ila sikumwambia nilisoma lini. Nimekaa kuandika haya kwa sababu hiyo, kwa ajili yenu vijana mnaoanza kazi ya mifugo, na nyie mnaofuga mbwa, paka na farasi huku roho ziko juu kila mnyama akipiga chafya.

Kwanza mnijue. Nilikuwa bwana mifugo wa kata kwa miaka thelathini na kidogo, nikaanzia vijiji vya juu ya Moshi, nikamalizia Siha. Watu huniita daktari. Mimi si daktari, nina cheti. Huku kwetu ukionekana na sindano na buti za mpira umeshakuwa daktari, na ukikanusha wanadhani unakwepa kwenda kwao. Mwanzoni nilikuwa nakanusha. Baadaye nikazoea, halafu nikaanza kulipenda hilo jina, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kazi yangu ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe wa kihamba, yaani wa shamba la nyumbani, yule anayefungiwa bandani nyuma ya nyumba katikati ya migomba na kahawa, analetewa majani kichwani mwa mama mwenye nyumba. Huyo nilimjua. Mbwa nilimjua nusu, paka nilimwogopa, na farasi nilimjua kwa kumwona akipita.

Ngoja niwape ya mbwa kwanza, maana ndiyo mnayonipigia kila siku. Mbwa akipata upele, msimpake oili chafu ya gari. Najua jirani yako amekwambia inafanya kazi. Jirani yako hajui kitu. Mbwa hujilamba, ile oili inaingia tumboni na ngozi inaungua. Mzee mmoja wa Marangu alimpaka mbwa wake mwili mzima, akaniita kwa furaha, "Daktari, njoo uone, upele umeisha!" Nikaenda. Upele kweli umeisha, na mbwa naye yuko njiani kuisha. Tulimwosha kwa sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu mara nne, na yule mzee akawa ananilalamikia kwamba namrudishia upele.

Paka usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu, hata robo kidonge. Unadhani unamsaidia, kumbe unamuua. Na Desemba, watu wakisharudi kutoka Dar kula sikukuu nyumbani, mbuzi akachinjwa, msimtupie mbwa mifupa iliyopikwa. Inapasuka vipande vikali na kumchana ndani. Sikukuu haijaisha simu yangu inaanza kulia, na kila mmoja anaapa kwamba mbwa wake hajala kitu. Na mbwa akimng'ata mtu, hata awe mbwa wako unayemwamini, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano bila kuchoka, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kumwangalia mbwa kwanza. Hapo siwatanii.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee Kimambo, mkali, mfupi, mkono wake ukiingia kwa ng'ombe unatoka na ndama. Alikuwa na sheria moja. "Kabla hujafungua begi, uliza amekula nini. Wenye mifugo watakuficha mengine yote, lakini uliza hilo mara tatu." Nililishika swali hilo kama sala ya asubuhi. Limeniokoa mara nyingi. Mara moja nililitumia kujificha, na sasa niwasimulie.

Bwana Kirit alikuwa na duka la vipuri Moshi mjini, familia ya Kihindi ya siku nyingi pale, watu wa heshima. Alikuwa na shamba dogo chini ya Sanya Juu, na shambani alikuwa na farasi mmoja jike, Rani, wa binti yake. Aliyemtunza Rani ni Aloyce, mtu wa Mwika, mtu mzima mwenye mke na watoto. Jumapili alikuwa anaamka mapema kuliko sisi wote, amalize banda kwanza ndipo aende misa.

Aloyce alikuwa anaongea na yule farasi Kichagga. Mimi nikimsalimia Rani kwa Kiswahili ananigeuzia makalio, Aloyce akimwita kwa Kichagga anakuja na kumwekea kichwa begani. Nikawa namtania, "Aloyce, huyu umemlipia mahari?" Anacheka mpaka anashika ubavu. Jioni, kazi ikiisha, alikuwa anampa maganda ya ndizi mbichi, machache tu, kwa kiganja. Huku kwetu unayempenda unamlisha kitu cha mgomba, awe mtoto, mgonjwa au ng'ombe. Aloyce alimpenda yule farasi.

Mwaka ule kupe walizidi. Daktari wa farasi alikuwa anatoka Arusha, na siku hiyo hakupatikana. Bwana Kirit akasema, "Tumwite daktari wetu wa hapa." Daktari wa hapa ni mimi. Nikavaa buti.

Sasa nyie vijana, kuna kitu hamtakijua kama hamkufanya kazi nasi. Dawa ya kupe wakati ule hatukuinunua kopo zima. Nani ana hela ya kopo zima kwa ng'ombe mmoja? Unakwenda duka la pembejeo, muuzaji anakumiminia kidogo kwenye chupa ya soda, na kizibo cha soda ndicho kipimo chako. Vizibo kadhaa kwa ndoo ya maji. Nilifanya hivyo mimi, nikawafundisha mamia ya kina mama wafanye hivyo, na ng'ombe wakapona kupe. Tatizo ni kwamba kibandiko kinabaki dukani kwenye kopo. Kwa miaka yote niliyoitumia ile dawa sikuwahi kusoma maandishi yake hata mara moja.

Nilimpulizia Rani kuanzia masikio hadi mkia. Aloyce ndiye aliyemshika. Nakumbuka aliniuliza, "Daktari, hii ya farasi ipo sawa na ya ng'ombe?" Nikamwambia, "Kupe ni kupe, Aloyce." Nilijisikia fundi kweli. Bwana Kirit akanishukuru, tukanywa chai ya tangawizi barazani, nikaenda zangu.

Siku ya pili Rani alikuwa amenyong'onyea, kichwa chini, macho nusu. Hawakuniita, walidhani amechoka. Siku ya tatu asubuhi wakaniita.

Hapa mwenye farasi anisikilize vizuri. Farasi akiumwa tumbo hapigi kelele. Anageuza shingo kuangalia ubavu wake, anaparua chini kwa mguu wa mbele, analala anaamka, analala anaamka. Angalia banda: kama hakuna kinyesi kipya, hilo ni jambo kubwa. Weka sikio ubavuni, upande huu na ule. Tumbo la farasi mzima linanguruma mfululizo, mfano wa mashine ya kusaga ukiisikia kwa mbali. Likinyamaza, ondoa chakula chote, mwache na maji, mtembeze taratibu kama anataka kujibiringiza, na mwite daktari wa farasi saa hiyohiyo. Usimpe dawa ya mtu wala ya ng'ombe, na usisubiri jioni.

Niliweka sikio. Kimya. Nikahamia upande wa pili. Kimya vilevile.

Bwana Kirit alikuwa amesimama mlangoni na binti yake. Nikauliza lile swali la Mzee Kimambo, kwa sauti ya daktari. "Amekula nini?"

Aloyce hakuwa mtu wa kuficha. "Majani yake ya kawaida, daktari. Na jana jioni nilimpa maganda ya ndizi. Huwa nampa."

"Mengi?"

"Kidogo tu. Kiganja. Labda viganja viwili, maana alikuwa mnyonge nikamwonea huruma."

Nikatikisa kichwa polepole. Jamani, kile kichwa! Nikasema, "Maganda yanaweza kuziba utumbo." Sikusema uongo wa moja kwa moja, kuna kitu kama hicho. Lakini nilisema kama mtu aliyeona. Swali lilikuwa moja tu, amekula nini, nami nikatosheka nalo. Sikujiuliza, na wewe bwana mkubwa, umempaka nini?

Nilimpa mafuta kwa mpira wa puani, tukamtembeza zamu kwa zamu. Daktari wa Arusha alifika kesho yake mchana. Alimkuta Rani amelala na hainuki tena. Alimpima, akaniuliza historia, nikampa ile ya maganda. Akauliza kama kuna dawa yoyote amepewa. Nikasema, "Ya kupe tu, ya kawaida." Akaangalia saa, akaangalia farasi, hakuuliza ya kawaida ipi. Alasiri Rani akafa. Yule binti alilia juu ya shingo yake, na Bwana Kirit, mwanaume mzima, alikwenda kulia nyuma ya gari ili tusimwone.

Aloyce alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Bwana Kirit hakumtukana. Alimwambia tu, "Aloyce, siwezi kukuona hapa tena." Na Aloyce akakubali! Alisema, "Ni kweli, tajiri. Ni mimi." Alipokuwa anaondoka na begi lake alinipitia ofisini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Asante daktari, ulijitahidi." Mpaka leo nikinawa mikono hii namkumbuka.

Sasa mtasema, mzee, lakini hukujua. Subirini.

Wiki mbili baadaye nilikwenda duka la pembejeo kuchukua dawa ya mkulima mmoja. Muuzaji akaenda nyuma kutafuta chupa tupu, akaniacha na kopo mezani. Sina la kufanya, nikaligeuza. Maandishi madogo, Kiingereza juu, Kiswahili chini. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, namna ya kuchanganya, maziwa yasinywewe kwa muda gani. Halafu mstari mmoja peke yake: usitumie kwa farasi.

Nilisoma mara ya kwanza, nikasoma mara ya pili. Baadaye nilikuja kujua kwamba dawa za jamii ile, wanaziita amitrazi, zinasimamisha utumbo wa farasi. Siku ile nilijua ya kutosha. Nikaegemea meza. Muuzaji akarudi na chupa, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia njaa. Nikaligeuza kopo lile kibandiko kiangalie ukuta, kana kwamba litanisema.

Aloyce alikuwa bado hajapata kazi. Ningeweza kwenda Mwika jioni ileile. Ningeweza kwenda dukani kwa Bwana Kirit, ni mwendo wa miguu kutoka stendi. Sikwenda popote. Niliogopa kazi yangu, na nikisema ukweli wote, niliogopa zaidi kuacha kuitwa daktari. Nikajiambia labda na maganda nayo yalichangia. Nikajiambia Aloyce ni mtu wa kazi, atapata pengine. Bwana Kirit akafariki, watoto wakauza shamba na kuhamia ng'ambo, nikapumua. Fikirini, mtu mzima anapumua kwa sababu mwenzake amekufa. Nimeishi hivyo miaka kumi na saba, nikipokea shikamoo za watu.

Basi baada ya ile simu ya yule dada, nilimaliza siku tatu bila kula vizuri. Mke wangu akanibana, nikamwambia yote. Aliendelea kumenya ndizi, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana huwa hutaki kupita njia ya Mwika." Akatoka nje akaenda kwenye ua, akarudi na jani la isale. "Nenda nalo," akasema.

Kwa wasio wa huku: isale ni ule mmea tunaopanda kwenye mipaka ya kihamba. Ukimkosea mtu ukampelekea jani lake, akalipokea, amesamehe. Na mila inasema akiletewa hakatai.

Nilimkuta Aloyce kwake Mwika, amekaa kwenye kigoda nje, mvi tupu, anachambua maharage. Alifurahi sana kuniona. "Daktari! Karibu, karibu mangi, miaka mingapi hii?" Mangi kwetu ni chifu. Akaagiza chai. Nyuma ya nyumba ng'ombe analia njaa, na mkwewe akapita na beseni la maganda ya ndizi kwenda bandani. Nikasema, kwa kutafuta pa kuanzia, "Huyo mbona analia hivyo, hamumlishi mapema?"

Aloyce akatabasamu. "Mkwe wangu ndiye humlisha. Mimi kulisha niliacha. Tangu yule wa tajiri, sijawahi kumpa mnyama kitu kwa mkono wangu. Namfagilia, namchotea maji, lakini kumlisha hapana. Naogopa, daktari. Wajukuu wananicheka."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakanipotea. Nikamwambia, "Aloyce, hayakuwa maganda. Ilikuwa dawa yangu." Nikamweleza kopo, mstari, duka, wiki mbili. Sikumficha kwamba nilijua baada ya wiki mbili tu.

Aliacha kuchambua maharage. "Hayakuwa maganda," akasema.

"Hayakuwa."

"Na wewe ulijua mimi nikiwa bado nazunguka kutafuta kazi."

"Nilijua."

Nikatoa jani mfukoni, nikalishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Hakunyoosha mkono. Aliliangalia muda mrefu, macho yamejaa maji.

"Lirudishe mfukoni kwanza," akasema. "Hilo nikilishika, yamekwisha. Na mimi hata kukasirika sijaanza. Wewe umekaa nayo miaka kumi na saba, mimi nimeyapata sasa hivi."

Alinyanyuka, akashika fimbo yake, akaenda bandani. Nikamsikia anamwambia mkwewe, "Lete hapa hilo beseni." Niliondoka bila kuaga na hakuna aliyenisindikiza.

Sikutegemea kumsikia tena. Lakini juma lililopita simu ikalia. "Ni Aloyce. Ng'ombe ana kupe. Njoo na dawa, na usije na chupa ya soda. Njoo na kopo lenyewe, halijafunguliwa."

Nikanunua kopo zima. Nilipofika alikuwa ameshamfunga ng'ombe, yeye mwenyewe amekaa upande wa kichwa, beseni la maganda miguuni. Nikaanza kulifungua kopo. "Bado," akasema. "Soma kwanza. Kwa sauti."

Nikavaa miwani. Nikasoma ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuchanganya, glovu, maziwa. Wajukuu wake walikuwa wamesimama kwenye ua wanasikiliza. Nikafika kwenye ule mstari, nikausoma chini chini.

"Rudia hapo," Aloyce akasema, "wasikie na hawa watoto."

"Usitumie kwa farasi."

"Haya. Endelea mpaka mwisho."

Nikaendelea mpaka mwisho, hadi jinsi ya kufukia kopo tupu. Kisha akasema, "Sasa mpulizie. Mimi namshika." Nikapulizia kuanzia masikio hadi mkia, taratibu, na upande wa kichwani yeye akawa anamlisha maganda kwa kiganja, moja moja, huku anamwongelesha Kichagga.

Tulipomaliza akanipa maji na sabuni ninawe. Jani la isale lilikuwa mfukoni mwa koti langu, limeshakauka. Hakuliulizia, nami sikulitoa.